Kifungua Kinywa cha Meksiko: Mahindi Yasiliwe Peke Yake

 

Mama, na wewe mlezi, watoto wamekula nini leo asubuhi? Wengi wetu tutajibu: uji mtupu, au ugali uliolala na chai ya rangi. Tumbo limejaa, lakini je, mwili umepata chakula?

Leo twende Meksiko, nchi ambako mahindi yalianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita, kabla hayajafika kwetu. Huko kuna chakula cha asubuhi kiitwacho huevos rancheros (tamka: wevos rancheros), yaani mayai ya mtindo wa shambani. Ni chapati ndogo za mahindi ziitwazo tortiya, juu yake yai la kukaanga na mchuzi wa nyanya, na kando maharagwe yaliyopondwa.

Angalia sahani hiyo. Mahindi hutia nguvu. Yai na maharagwe hujenga mwili. Nyanya ina vitamini C, ambayo husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika maharagwe.

Wenyeji wa huko wana ufundi mwingine. Huchemsha punje za mahindi kwa chokaa maalum ya chakula, huzilaza usiku kucha, kisha huziosha na kuzisaga. Chokaa hiyo hufungua vitamini iitwayo niasini, ambayo katika mahindi ya kawaida mwili hauipati kwa urahisi. Mahindi yalipoenea Ulaya bila ufundi huo, maskini walioyategemea walishikwa na pelagra: ngozi huchubuka, mtu huharisha, na akili huchanganyikiwa. Wengine walikufa. Wala si mambo ya kale tu. Mwaka wa 1990, maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi waliugua pelagra baada ya karanga kukosekana katika posho yao.

Tafadhali, usitumie chokaa ya kupaka nyumba! Ni hatari. Njia iliyo rahisi kwetu ni kuchanganya vyakula.

Kwa watu wanne, fanya hivi:

1. Changanya kikombe 1 cha unga wa mahindi na kikombe 1 cha unga wa ngano, pamoja na chumvi kidogo. Unga wetu wa mahindi haushikani vizuri bila ngano. Ongeza maji moto kidogo kidogo, ukande.

2. Gawanya madonge 8, sukuma chapati ndogo, uzichome bila mafuta pande zote mbili.

3. Kaanga kitunguu 1, kisha nyanya 4 zilizokatwa, mpaka ziwe mchuzi. Anayependa pilipili atie kwenye sahani yake.

4. Ponda vikombe 2 vya maharagwe yaliyoiva vizuri, uyapashe moto kwa mafuta kidogo.

5. Kaanga mayai 4. Ya watoto na ya mama mjamzito yaive kabisa, hata kiini kigande.

6. Weka yai juu ya chapati mbili, mwagia mchuzi, weka maharagwe kando.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 mpondee yai lililoiva na maharagwe pamoja na ugali laini, bila pilipili wala chumvi, huku ukiendelea kumnyonyesha. Aliye chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama pekee.

Je, kama mayai hayapo? Usivunjike moyo. Maharagwe na nyanya bado ni chakula bora kuliko mahindi matupu. Karanga au omena pia hufaa. Na chai isubiri kama saa moja baada ya chakula, kwani huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Mama, kesho asubuhi kabla ya kupakua, jiulize: mahindi haya yameandamana na nini?

Hadi kipindi kijacho, kwaheri.