Fahamu: Udaktari wa Kanada na mwanafunzi wa Bugwema

Kijana wa Bugwema, Musoma Vijijini, aliyemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia) hawezi kuingia moja kwa moja katika vyuo vingi vya udaktari vya Kanada. Vingi hudai kwanza miaka kadhaa ya chuo kikuu, mara nyingi shahada nzima, pamoja na MCAT, mtihani wa kuombea nafasi ya udaktari.

Kikwazo kikubwa zaidi ni uraia. Vyuo vingi hupokea raia na wakazi wa kudumu tu. Oktoba 2024 serikali ya jimbo la Ontario ilitangaza kwamba kuanzia mwaka 2026 nafasi za udaktari zitakuwa za Wakanada, asilimia 95 zikitengewa wakazi wa jimbo hilo. Wakala anayemwahidi mzazi nafasi huko aulizwe hilo kabla hata ng'ombe mmoja hajauzwa. Fedha ya ng'ombe huyo ni ada ya watoto wengine nyumbani.

Hapa Tanzania njia ni fupi: miaka 5 ya shahada, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Lazima kijana afaulu fizikia, kemia na baiolojia, na ushindani huinua alama kupita kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Maombi hutumwa chuoni kwa mtandao: Muhimbili, KCMC, Dodoma, au Bugando jijini Mwanza, jirani na Mara, mkoa wake. Kwa maoni yangu, Bugando iwe ya kwanza kufikiriwa.

Akihitimu, mtihani wa Kanada wa MCCQE, wa madaktari waliohitimu, bado uko wazi kwake, ila mafunzo ya ubingwa huko nayo kwa kawaida hudai ukazi wa kudumu.