Kihispania: Namna wakati uliopita unavyoweza kubadili maelezo

Msemaji wa Kiswahili anayeanza maisha mapya nchini Uhispania hulazimika mapema kueleza mambo yaliyopita: alikokuwa akiishi, kazi aliyokuwa akifanya na sababu ya kuondoka kwao. Katika maelezo hayo, wakati wa kitenzi uitwao imperfecto hubeba uzito mkubwa. Huonyesha jambo lililokuwa likiendelea au likirudiwa, bila kutaja mwisho wake.

Umbo lake ni jepesi. Kitenzi trabajar, yaani kufanya kazi, huondolewa -ar na kupewa miisho mipya. Kuanzia mimi, wewe na yeye hadi sisi, ninyi na wao, husemwa: trabajaba, trabajabas, trabajaba, trabajábamos, trabajabais, trabajaban. Vitenzi vya -er na -ir hufuata njia moja. Vivir, yaani kuishi, huwa: vivía, vivías, vivía, vivíamos, vivíais, vivían. Ni vitenzi 3 tu vinavyokiuka kanuni: ser (kuwa), ir (kwenda) na ver (kuona).

Ugumu umo katika matumizi. «Me amenazaban» ni «walikuwa wakinitishia», hali iliyoendelea. «Me amenazaron» ni «walinitishia», tukio lililokwisha. Mbele ya afisa anayeandika maelezo ya mwomba hifadhi, tofauti hiyo si ndogo.

Hata hivyo, kipindi kilichokwisha kikitajwa urefu wake, imperfecto huachwa. Aliyeishi Kampala miaka 3 kisha akahama husema «Viví tres años en Kampala», ingawa kwa Kiswahili angeweza kusema «nilikuwa nikiishi».

Mtego mwingine ni nafsi. Kiswahili hutenganisha «nilikuwa» na «alikuwa» kwa silabi ya kwanza, lakini trabajaba ni ya mimi na ya yeye pia. Mtu akisema «Vivía con mi hermano y trabajaba en el puerto», yaani kuishi na ndugu na kufanya kazi bandarini, msikilizaji aweza kujiuliza ni nani hasa aliyefanya kazi huko. Kuongeza yo (mimi) au él (yeye) huondoa shaka.

Asiyeimudu lugha hiyo hana haja ya kubahatisha. Sheria ya hifadhi ya Uhispania ya mwaka 2009 humpa mwombaji haki ya kupata mkalimani.