Kiingereza kwa Mazungumzo na Tafakuri

Katika Walukuba, mtaa wa mji wa Jinja nchini Uganda uliojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi, Kisoga, Kiganda na Kiswahili husikika pamoja, na watoto wengi hukizoea Kiingereza shuleni tu. Mtaala wa shule za msingi wa Uganda wa mwaka 2007 hutumia lugha ya mahali hadi darasa la tatu, isipokuwa penye lugha nyingi, ambako Kiingereza huruhusiwa tangu mwanzo. Nao mtaala wa sekondari wa mwaka 2020 unasisitiza mawasiliano na fikra tunduizi, yaani uwezo wa kupima hoja kwa ushahidi kabla ya kuikubali. Mwalimu anayeuliza "kwa nini?", akamwachia mwanafunzi nafasi ya kujibu, kukosea na kutetea hoja yake, hufundisha lugha na kufikiri kwa pamoja. Walimu wa Jinja na wapunguze kukaririsha, wazidishe mazungumzo.