Mbio Ndefu Jumamosi na Jumapili: Tazama Mkojo Kabla ya Kuvaa Viatu

Kijana mmoja aliletwa kwetu Jumapili jioni akiwa ameshikiliwa na nduguze wawili, mmoja kila upande. Mapaja yake yalikuwa yamevimba na kuwa magumu kama ubao, na kukunja goti hakuweza. "Shikamoo, mama," akaniamkia, kisha kwa sauti ya chini akasema mkojo wake umekuwa mweusi kama soda ya kola.

Kwa kuwa alikulia kando ya ziwa, mhudumu aliyempokea aliwaza kichocho, na hata mimi ningeanzia hapo. Lakini kichocho hutoa damu zaidi mwishoni mwa kukojoa, wala hakivimbishi mapaja. Maabara walichovya kijiti kwenye mkojo, kikaonyesha damu. Walipoutazama kwa hadubini, hawakuona chembe nyekundu. Hapo ndipo tulipomwuliza swali ambalo tungemwuliza tangu mlangoni: "Mwanangu, jana na leo ulikuwa unafanya nini?"

Alikuwa anakimbia. Jumamosi kilomita 40, Jumapili alfajiri nyingine 30, sehemu kubwa ikiwa mteremko. Usiku wa katikati alimeza vidonge vya diklofenaki ili miguu isimsumbue.

Kijana huyu alikuwa akijiandaa kwa Comrades, mashindano ya Afrika Kusini kati ya miji ya Durban na Pietermaritzburg. Yalianza mwaka 1921, yakianzishwa na Vic Clapham, aliyekuwa askari, kwa kuwakumbuka wenzake waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Ni karibu kilomita 90. Kwa kawaida mwaka mmoja hukimbiwa kwa kupanda kutoka pwani, mwaka unaofuata kwa kuteremka. Wanawake na Waafrika weusi hawakuruhusiwa rasmi hadi mwaka 1975, na Sam Tshabalala akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda, mwaka 1989. Nayataja haya ili wazazi waelewe kwa nini mtoto wao anaamka usiku wa manane na kutoka na chupa ya maji. Ni jambo la heshima, si wazimu. Ila mwili una hesabu zake.

Wanaojiandaa kwa mbio za namna hii hawawezi kukimbia kilomita 80 kila wiki kwa mkupuo mmoja, wangeumia wote. Kwa hiyo makocha hugawa safari: mbio ndefu Jumamosi, na nyingine ndefu kiasi Jumapili, miguu ikiwa bado imechoka. Maana yake ni hii. Misuli na ini huweka akiba ya sukari, kiasi cha nusu kilo hivi kwa mtu mzima. Mbio za saa tatu au nne hula sehemu kubwa ya akiba hiyo, na ghala halijai tena kwa usiku mmoja, hasa mtu akila ovyo. Anayetoka Jumapili anaanza na ghala pungufu, na hivyo anauzoesha mwili kutumia mafuta zaidi, na akili kuvumilia uzito wa miguu. Niseme wazi kwamba mpango huu umesimama zaidi juu ya uzoefu wa makocha kuliko vipimo vya maabara. Hata hivyo una akili ndani yake, mradi siku ya pili iwe fupi na ya polepole, kasi ambayo mtu anaweza kuzungumza na mwenzake bila kuhema. Mtu aliyekwisha kuzoea kilomita 60 kwa wiki anaweza kukimbia 30 Jumamosi na 20 Jumapili. Kijana wetu alikuwa amezoea 35 kwa wiki nzima.

Tena aliteremka. Watu hudhani kupanda ndiko kunakoumiza, kwa sababu ndiko kunakotoa jasho. Sivyo. Wakati wa kuteremka misuli ya paja inafanya kazi ya breki: inavutwa huku inajikaza, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Zikichanika nyingi mno, rangi nyekundu iliyomo ndani ya misuli, iitwayo mayoglobini, huingia katika damu na kwenda kwenye figo. Ndiyo iliyokidanganya kile kijiti, kwa maana kijiti hakitofautishi rangi hiyo na damu. Figo zikiwa na maji ya kutosha huitoa. Zikiwa kavu zinaweza kuziba na kuacha kazi. Wenye chembe moja ya selimundu, hata wale wasiougua kamwe, wako katika hatari zaidi hasa kwenye joto na milimani, kwa hiyo mkimbiaji ni vizuri apimwe mara moja ajue.

Sasa vile vidonge. Dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na kwa mtu aliyelala nyumbani na maumivu ya mgongo hilo huenda lisionekane. Kwa aliyekauka jasho ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio la wakimbiaji wa masafa ya kilomita 80. Wengine walipewa ibuprofeni, wengine vidonge visivyo na dawa. Dalili za figo kuumia zilionekana kwa asilimia 52 ya waliopewa dawa, na asilimia 34 ya wenzao. Angalieni hata hao wa pili: bila dawa yoyote, mmoja kati ya watatu. Basi anayeongeza kidonge anapakia mzigo juu ya punda aliyekwisha kuchoka. Na zaidi ya figo, dawa inanyamazisha maumivu ambayo ndiyo yangemwambia mtu abaki kitandani.

Kwa maoni yangu, kazi yote ya mazoezi haya iko katika ule usiku wa katikati, na hapo familia ina nafasi kubwa. Akirudi Jumamosi, ale ndani ya saa moja, hata kama hana hamu: uji wenye maziwa na sukari, na ndizi mbivu mbili. Baadaye ugali au wali na maharage, au dagaa, au mayai, na chumvi ya kawaida ya mboga. Viazi vitamu ni vizuri sana. Alale saa 8 kamili. Mkesha wa harusi na kilomita 20 za asubuhi havikai pamoja.

Kuhusu maji, zamani tuliwahimiza wakimbiaji wanywe kadiri wawezavyo, nami ni mmoja wa waliosema hivyo. Tulikosea. Mwaka 1985 Tim Noakes na wenzake wa Afrika Kusini walieleza habari za wakimbiaji walioanguka kwa sababu ya kunywa maji kupita kiasi, hata chumvi ya damu ikazimuka. Na katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipopimwa damu mwisho wa mbio, asilimia 13 walikuwa na chumvi iliyoshuka. Siku hizi tunasema: kunywa ukisikia kiu. Mwenye mizani ajipime kabla na baada. Kupungua kilo moja au mbili ni kawaida. Akiwa ameongezeka uzito, amekunywa mno. Na akianza kuumwa kichwa, kutapika, vidole kuvimba au kusema maneno yasiyoeleweka, msimpe maji tena wala msimtafutie dripu ya mtaani. Mleteni hospitali.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kugusa viatu, atazame mkojo wake. Rangi ya majani makavu ni njema. Ukiwa wa njano iliyokolea, anywe, ale, asubiri. Ukiwa kama chai ya rangi au kola, aje hospitali siku hiyohiyo, hata kama hasikii maumivu makubwa. Ahesabu pia mapigo ya moyo kabla ya kutoka kitandani; yakizidi ya kawaida yake kwa kumi au zaidi, alale tena. Mwenye homa asikimbie hata hatua moja, iwe ni malaria au mafua, kwa kuwa maambukizi mengine hugusa moyo.

Halafu ajaribu kushuka ngazi. Mapaja yote mawili kuuma kwa pamoja na kulainika baada ya kutembea ni uchovu wa kazi. Lakini maumivu ya mahali pamoja kwenye mfupa, panapouma ukibonyeza kwa kidole kimoja, yanayoongezeka kadiri anavyokimbia au yanayomwamsha usiku, huenda ni ufa. Huo unataka wiki nyingi za kupumzika. Akina mama, binti anayekimbia sana akikosa hedhi kwa miezi mitatu, msimdhanie vibaya upesi. Apimwe mimba, ndiyo, lakini pia muulizeni kama anakula chakula kinacholingana na kazi yake. Mifupa yake ndiyo itakayolipa.

Mbio za siku mbili mfululizo zisifanywe kila wiki. Mara moja kila baada ya wiki mbili au tatu inatosha, Jumatatu iwe ya kupumzika, na za mwisho zilizo kubwa ziwe wiki tatu hivi kabla ya mashindano. Vijana wa sekondari waachieni mbio fupi. Comrades wenyewe hawampokei aliye chini ya miaka 20.

Kijana wetu alikaa wodini siku sita akiwekewa dripu, tukipima kila tone la mkojo wake kwenye chupa. Siku ya nne ulianza kuwa mweupe, na mama yake akaomba auone kwa macho yake mwenyewe. Nikamwonyesha. Akaniuliza kama mwanawe ataruhusiwa kukimbia tena. Nilimwambia ndiyo, baada ya vipimo vya figo na misuli kurudi sawa, na aanze kwa kutembea. Vile vidonge vilivyobaki alikuwa amekwisha kuvitupa chooni.