Wamesomewa, Lakini Wamejua Nini?

Kiongozi wa kitaifa akifanya ziara vijijini Tanzania na kuwapa wananchi kipaza sauti, malalamiko mawili ni nadra kukosekana: maji, na kutosomewa mapato na matumizi. Mtendaji wa kijiji husimamishwa mbele ya umati ajieleze, pengine akasimamishwa kazi palepale. Watu hushangilia. Msafara ukishaondoka, kijiji hubaki na daftari lilelile la fedha, na tarehe ya mkutano ujao haijulikani.

Kisheria, mwananchi hana haja ya kumngoja waziri. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imeupa mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18, mamlaka ya juu kabisa kijijini. Mkutano huo ndio unaoichagua halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, na unatakiwa kukaa walau kila baada ya miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaongeza kifungo kingine: halmashauri husimamia ardhi kama mdhamini tu, wala haiwezi kumgawia mtu kipande bila mkutano mkuu kuridhia. Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000, na haki hizi ni za kila kimoja.

Kinachokwamisha ni namna ofisi yenyewe ilivyopangwa. Mwenyekiti huchaguliwa na wananchi, mara ya mwisho Novemba 27, 2024, lakini hana mshahara. Anayetunza nyaraka, vitabu vya stakabadhi na mihutasari ni mtendaji, naye ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya. Anayeweza kumhamisha au kumwadhibu ni mkurugenzi wa halmashauri hiyo, si mkulima aliyechangia shilingi elfu tano za choo cha shule. Si ajabu taarifa zinazotakiwa wilayani zikaandikwa usiku kucha, huku za wananchi zikisubiri.

Fedha nazo ni za kubahatisha. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na halmashauri za wilaya zikatakiwa kurejesha vijijini asilimia 20 ya mapato. Ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara kwa mara halmashauri zisizorejesha. Kijiji kinaishi kwa michango, na mchango usio na stakabadhi ndio mlango wa kwanza wa upotevu.

Basi siku ya mkutano ikifika, hali ndiyo hii. Mtendaji anasimama chini ya mwembe na kusoma kwa kasi: kilichoingia ni kiasi hiki, kilichotoka hiki, salio hili, kuna mwenye swali? Kimya. Muhtasari utasema kwamba taarifa ilipokelewa, na ni kweli ilipokelewa. Ila hakuna binadamu anayekagua hesabu kwa kuisikia mara moja. Jumla haihojiki. Kinachohojika ni mchanganuo.

Chukua mfano wa ujenzi wa choo cha shule. Taarifa inasema yamefyatuliwa matofali 1,200 ya inchi sita, na saruji iliyotumika kuyafyatua ni mifuko 60. Fundi yeyote kijijini anajua kwamba mfuko wa kilo 50 hutoa matofali 30 hadi 40 hivi, kutegemea mchanganyiko. Kazi hiyo ilihitaji mifuko 30 hadi 40. Ishirini hadi thelathini iliyobaki iko wapi? Huenda maelezo yapo na ni ya haki: mvua iliharibu shehena, au mingine ilitumika kwenye msingi ikaandikwa pasipo pake. Jibu litapatikana kwenye leja ya stoo na hati ya kupokelea mzigo, yenye saini za kamati ya mapokezi. Fundi huyo hakusomea uhasibu, lakini akiipata karatasi siku chache kabla ya mkutano, atauliza swali ambalo mkaguzi wa wilaya asingelifikiria.

Uganda iliwahi kuonyesha uzito wa karatasi. Utafiti uliofuatilia ruzuku ya serikali, isiyo ya mishahara, kwa shule za msingi kati ya 1991 na 1995 ulikuta wastani wa asilimia 13 tu ndiyo iliyofika shuleni. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wapo wataalamu wanaosema sifa zote zisiende kwa magazeti, kwa kuwa mfumo wa fedha nao ulikuwa ukirekebishwa wakati huohuo. Hoja yao ina nguvu. Hata hivyo, mwalimu mkuu aliyebandika tarakimu mlangoni hakuweza tena kuwaambia wazazi kwamba hajui.

Asasi za hisani nazo zina deni hapa. Chini ya Sheria ya NGOs ya mwaka 2002, shirika lililosajiliwa hupeleka kila mwaka taarifa ya kazi na ya fedha serikalini. Kisima kikichimbwa, kijiji huachiwa kibao chenye jina la mfadhili. Gharama ya pampu na jina la mkandarasi havimo. Wanakijiji wanashukuru kwa kitu ambacho hawajui kiligharimu kiasi gani.

Vikundi vya kuweka na kukopa vimeutatua mtihani huu bila mhasibu. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na fedha huhesabiwa mbele ya wanachama wote kabla na baada ya kikao. Wanawake wanaohesabu hisa zao hivyo kila wiki ni walewale wanaokaa kimya kwenye mkutano mkuu, kwa sababu huku hawajawekewa chochote mezani cha kuhesabu.

Kwa hiyo, kabla ya mkutano ujao, ombeni mchanganuo ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wiki moja mapema, pamoja na nakala za stakabadhi. Ofisi ikigoma, andikeni barua kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Sheria hiyo inaipa ofisi siku 30 za kujibu.