UNASHUSHA AU UNARUSHA? Fimbo ya barafu ilivyoniumbua Coco Beach

Mpenzi msomaji, ukiwa na hela mfukoni halafu ukakatiza Kariakoo, matatizo yanakutafuta yenyewe. Mimi nimeshaingizwa mjini kwa viatu, wote wa kushoto. Nimeshaingizwa mjini kwa redio isiyo na kitu ndani. Safari hii nimeingizwa mjini kwa fimbo ya kuvulia samaki. Usicheke. Soma mpaka mwisho, maana huenda na wewe uko njiani kwenda kununua kama yangu.

Mambo yalianza hivi. Kuna mshikaji wangu wa Ilala, kila Jumapili alikuwa anarudi na changu kutoka kwenye miamba ya Coco Beach. Wawili anakula, waliobaki anauza. Mimi kibarua kilikuwa kimeota nyasi na kodi ya chumba inakaribia, basi nikapiga hesabu za haraka haraka: bahari ipo, samaki wapo, kilichobaki ni fimbo. Nikachukua shilingi 45,000 nilizokuwa nadunduliza kwa ajili ya kodi, huyo, Kariakoo.

Pembeni ya Mtaa wa Msimbazi, kwenye vitu vya mtumba, nikaiona. Nyeusi inang'aa, mpini laini kama kizibo cha chupa, rili ndogo nzuri kama ya kuchezea. Urefu wake kama futi mbili na nusu. Ubavuni imeandikwa ICE, na chini yake WALLEYE.

"Braza, hii ice si barafu?" nikauliza. Form four yangu haikwenda bure.

"Ndiyo, bosi. Inakwenda na barafu. Ukishavua unatupia samaki kwenye deli, kazi kwisha. Kitu cha Marekani hicho."

"Mbona fupi?"

"Ya kupanda nayo daladala."

Jamani! Mtu mwenye majibu ya namna hiyo utamwachaje? Nikatoa zote.

MTU MZIMA NAUMBUKA

Jumapili alfajiri nikawa miambani. Nikakuta watu wamejipanga: wazee na mishipi yao imezungushwa kwenye chupa za plastiki, vijana wawili watatu na fimbo za futi tisa, futi kumi. Nikatia chambo cha kamba, nikavuta mkono nyuma, nikarusha kwa mbwembwe zote. Chubwi ikaanguka hapo hapo chini ya miguu yangu, kama mtu anayemwaga maji ya vyombo.

Mara ya pili ndoana ikanasa mwambani. Mara ya tatu, ebwana ee, kitu kikavuta! Fimbo ikapinda kama mnyaa, rili ikalia, halafu uzi ukakatika. Nikabaki nimeshika mpini, moyo unadunda, na watu wananiangalia.

Mzee wa jirani yangu, ambaye mpaka hapo alikuwa ameshapata changu watano kwa mshipi wa mkono, akanisogelea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu lete hicho kijiti."

Akakipinda ncha kwa kidole. Akazungusha rili, akasikiliza. Hakucheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

"Hii ni ya kushusha, mwanangu, si ya kurusha. Aliyeitengeneza alikuwa amekaa juu ya maji."

KUMBE NI YA WENYE BARIDI

Jioni nikaipiga picha nikamtumia binamu yangu aliyeko Minnesota, Marekani. Alicheka mpaka nikakata simu. Alipopiga tena ndipo akanipa somo.

Kule wakati wa baridi maziwa yanaganda. Barafu ikifika unene wa inchi nne na ikawa imara, mtu anaweza kutembea juu yake. Basi wanatembea, wanatoboa tundu kwa keke kubwa, tundu lenye upana kama wa sahani, wanakaa juu ya ndoo na kushusha uzi wima. Ndiyo maana fimbo ni fupi, futi mbili mpaka tatu. Hakuna cha kurusha. Ukiwa na fimbo ya futi kumi utakuwa umekaa mbali na tundu lako mwenyewe!

Na huyo walleye ni nani? Ni samaki wa maji baridi, na Minnesota walimtangaza kuwa samaki rasmi wa jimbo lao mwaka 1965. Macho yake yanang'aa gizani kama ya sangara wetu wa Ziwa Victoria, na anapenda kula jua linapozama na linapochomoza. Shida yake ni kwamba mara nyingi anauma kwa upole sana. Kwa hiyo fimbo yake lazima iwe na ncha laini ya kuonyesha mguso mdogo, lakini mgongo mgumu wa kumkita ndoana na kumpandisha. Uzi ni mwembamba, wa kilo mbili tatu hivi, na ndiyo sababu breki ya rili inatakiwa iachie taratibu bila kushtuka.

Kwa hiyo msomaji, fimbo yangu haikuwa mbovu. Ilikuwa nzuri tu, ila imepotea njia. Mpumbavu alikuwa mimi, niliyenunua mng'aro.

KABLA HUJATOA HELA

Sasa nakupa bure nililolipia 45,000.

Kwanza, jiulize swali la mzee: unashusha au unarusha? Kama utasimama mwambani au ufukweni, chukua fimbo ndefu, futi tisa na kuendelea, ili chubwi ipite mawimbi na mawe. Kama utakuwa kwenye chombo, futi sita au saba inatosha, maana samaki yuko chini yako.

Pili, pinda ncha kwa kidole. Ikilegea mpaka kwenye mpini, samaki mkubwa atakuaibisha. Ikiwa ngumu mpaka nchani, hutasikia mdogo akila chambo chako. Pitisha na kidole kwenye vipete vyote, kimoja kikiwa na ufa kitakata uzi.

Tatu, rili. Zungusha polepole: ikisaga kama ina mchanga, iache pale pale. Kaza breki kiasi, uvute uzi kwa mkono. Uende sawasawa, usikwame kwame. Uliza kama ni ya maji ya chumvi. Rili nyingi za mtumba zilitengenezwa kwa ajili ya maziwa, na chumvi yetu inazila. Kila ukitoka baharini ioshe kwa maji ya bomba na uikaushe.

Nne, uzi uliokuja na mtumba tupa. Jua na uzee huulegeza bila kuonyesha. Nunua mpya, kilo nane mpaka kumi kwa kuanzia. Na kwenye ndoana za kawaida usidanganyike na namba: namba nane ni ndogo kuliko namba nne.

Tano, kama mfuko umetoboka, achana na fimbo. Mshipi, chupa tupu, chubwi na ndoana kadhaa bei yake ni ndogo, na kidole chako ni ncha laini kuliko zote. Ila usizungushe mshipi kiganjani, samaki akivuta utakatwa vibaya.

MWISHO WA MCHEZO

Wiki iliyofuata mzee akanichukua kwenye mtumbwi wa jamaa yake pale Msasani. Hatukusogea Bongoyo wala Mbudya, maana huko ni hifadhi tangu mwaka 1975 na kuvua ni marufuku. Na wewe, kabla ya kwenda, pita ofisi ya uvuvi uulizie leseni. Maji yalikuwa mafu, yametulia. Nikashusha uzi wima. Ncha ikatikisika kidogo tu, kama mtu anayekukonyeza. Nikakita. Changu! Akafuata mwingine, halafu vibua watatu. Fimbo ya barafu ikafanya kazi yake chini ya jua la Dar, kwa sababu safari hii na mimi nilikuwa nimekaa juu ya maji.

Jioni nikawapeleka wale changu wawili kwa mama mwenye nyumba, nikiwa na nusu ya kodi na maneno mengi matamu. Akawapokea, akawaingiza jikoni. Akarudi anafuta mikono.

"Kitoweo nimekiona, mwanangu. Haya, na nusu nyingine?"

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa, kama bado nina chumba.