Shule karibu na nyaya za umeme: mzazi aulize mita ngapi

Kiwanja cha shule kikipatikana jirani na nyaya za msongo mkubwa, kikao cha wazazi hugawanyika. Wapo wanaohofia saratani, wapo waliochoka kuona watoto wakitembea mbali.

Hofu hiyo ilianza mwaka 1979, watafiti wa Denver, Marekani, walipohusisha nyaya zilizo karibu na nyumba na saratani za watoto. Mwaka 2002 IARC, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka nguvu ya sumaku ya umeme huo kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Haijathibitishwa mpaka leo.

Lisilo na ubishi ni kwamba nguvu hiyo hupungua kadiri mtu anavyokaa mbali. Ukuta wa darasa hauizuii.

California haikusubiri ubishi uishe. Kanuni zake zinataka kiwanja cha shule kiwe takriban mita 30 kutoka ukingo wa njia ya nyaya za kilovoti 50 hadi 133, mita 46 kwa kilovoti 220 hadi 230, na mita 107 kwa kilovoti 500 hadi 550.

Kabla ya kunyoosha mkono kukubali au kukataa, mzazi aulize mawili: nyaya zile ni za kilovoti ngapi, na madarasa yatakuwa mita ngapi kutoka hapo?